Moshi wa Jikoni kwa Kabula

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipokuwa mwalimu mpya wa hesabu kwenye kijiji cha wachimbaji huko Geita. Nesi wa zahanati, mama wa makamo asiyecheka ovyo, aliingia darasani wanafunzi wakiwa wametoka, akautazama ubao wangu.

"Mwalimu, hizi namba zako zinaishia hapo ukutani? Mimi nina watoto wanaotetemeka mikono, na sijui kwa nini."

Nilikasirika, lakini nilimfuata. Yeye aliwajua wagonjwa. Mkemia aliyekuja kupima maji ya visima akapima na mikojo ya watoto, akakuta zebaki, sumu inayotetemesha mikono. Mimi nikazipanga nyumba zote kwenye ramani na kulinganisha. Kila mmoja peke yake alikuwa anapapasa tu. Tulipokaa pamoja jibu likaonekana: watoto waliougua zaidi walilala kwenye nyumba ambamo dhahabu ilichomwa ndani. Wachimbaji huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki itoke na moshi. Kwetu watu walichomea jikoni, mlango umefungwa, majirani wasijue nani kapata.

Mdogo wangu Kabula naye alichomea jikoni, Masanja wake akiwa mgongoni. Nikamwonyesha ramani, nikamsihi achomee nje.

"Dada, nimeelewa," alisema. "Ila nikichomea nje, usiku huo huo wananivamia. Hesabu yako inasemaje hapo?"

Nikaikunja ramani yangu, nikarudi shuleni. Mkemia akarudi mjini, nesi akahamishwa, Kabula akaendelea kufunga mlango.

Leo Masanja ni mwanamume mwenye ndevu, nami namlisha uji kwa kijiko hapa nyumbani kwangu Ngokolo, maana mikono yake haiwezi kushika kikombe. Kabula tulishamzika. Nimechoka, mwanangu, na sikufichi: kule bado wanachomea ndani.

Sasa wewe unakwenda chuo kusoma hesabu. Usikae nazo peke yako. Mtafute daktari, mtafute mkemia, na kaeni na mama mwenye jiko mapema, kabla hamjachora ramani yoyote, maana woga wake nao ulipaswa kuingia kwenye hesabu yetu. Sisi tuliuacha nje. Mungu akujalie sikio la kumsikia, na watoto wa kule wakue wakishika vikombe vyao wenyewe.