Kidole Gumba cha Ndugu Yangu

Nilipokuwa kijana nilifanya kibarua Mitunguu, kwa mashamba ya ndizi, na kazi yangu ilikuwa kugonga paipu. Maji yakikataa kufika, unatembea na spana ukigonga chuma, ngo, ngo, mpaka mlio ubadilike. Hapo ndipo matope yameziba. Msimamizi wetu alitafuna miraa mpaka meno yakawa kijani, lakini hiyo si habari ya leo. Nasema tu asubuhi moja nilimpa ndugu yangu mdogo spana, na nilipoitaka akashindwa kuiachilia. Vidole vilikataa kufunguka.

"Wewe, hiyo ni spana, si titi la mama yako," msimamizi akamwambia. Tukacheka. Hata ndugu yangu alicheka.

Baadaye ndugu yangu alihamia Kibirichia kulima viazi, na kwa baridi ya huko mkono ulizidi kukaza. Kanisani akimsalimia mtu, mtu anangoja aachiliwe mkono. Wengine walisema ni pombe, wengine wakamwombea pepo atoke. Mwaka jana nikampeleka hospitali huko Embu. Daktari, msichana mdogo tu, akamgonga kwa kinyundo cha mpira, pale penye nyama chini ya kidole gumba. Kidole kikajikunja, kikalala juu ya kiganja, kikakaa. Kisha kikainuka polepole, kama mzee anayetoka kitini.

Akatueleza vizuri. Msuli wako wewe ukigongwa unashtuka na kulegea. Wake unakaza na kuchelewa kuachilia. Si pepo, si pombe, ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na moyo pia lazima uangaliwe. Mwisho akasema unaweza kupita kwa watoto, awalete wapimwe.

Ndugu yangu ana mtoto mmoja, msichana, na tayari kulikuwa na watu wanamposa. Tulipotoka nje akaniambia, "Hiyo ya watoto iache hapa Embu." Nikakubali.

Siku ya mahari wazee wa kijana aliyemposa wakaja kwa ndugu yangu na mbuzi wawili. Mimi napenda sana siku kama hizo, hasa kwa sababu ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na mboga. Ndugu yangu akawasalimia, na mkono ukakwama kwa mzee wao mkubwa.

"Mkwe, niachilie! Mbuzi hujapokea, unanishika mimi?"

Watu wakacheka, lakini nyuma nikasikia mmoja akisema, "Amelewa mchana huu." Ikaniuma. Nikasimama nikasema huyu hanywi, ni ugonjwa, na nitawaonyesha. Nikashika kiganja chake, nikagonga kwa mgongo wa kijiko cha kupakulia. Kidole kikajikunja mbele ya wote. Hakuna aliyecheka.

Shangazi ya kijana akauliza, "Na hiyo ugonjwa inaenda kwa watoto?"

Ningesema sijui. Ulimi wangu haujui kunyamaza. "Daktari alisema inaweza."

Wakaomba kwenda kushauriana kwao. Chakula hawakuonja. Walipofungua mbuzi wao wakaondoka nao, kila mtu alijua wamekataa. Msichana alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akaona kamba zikifunguliwa.

Nikamwambia ndugu yangu, "Nilitaka wajue wewe si mlevi."

"Heri wangeniita mlevi," akasema.

Akavaa kofia, akapita katikati ya viti, akashika njia ya kupanda msituni. Nilidhani anaenda kupumua kidogo. Hakugeuka, na hajarudi mpaka leo.