Jogoo wa Mwamkulu Kwenye Banda la Silki

Mtu akiniuliza kwa nini nafuga kuku wasioruka, wasiotaga sana na wasiojaza sufuria, namjibu kwamba nawafuga niwaangalie. Hapa Misunkumilo jibu hilo limenipa sifa ya uchizi. Poa tu. Silki ni kuku mwenye manyoya laini kama pamba, yasiyo na ule uti mgumu, na chini ya weupe wote huo ngozi ni nyeusi tii. Mimi nilitaka weupe mtupu. Kifaranga akikua na unjano mabegani, jikoni. Akiota unyoya mgumu, jikoni. Baada ya miaka ya kula makosa yangu kwa ugali, nikampata jogoo mmoja asiye na kasoro. Tatizo alishazeeka, na wanawe wa kiume wote walitoka na unjano. Nilichokuwa naomba kwa Mungu ni mrithi mmoja tu.

Mama mkwe wangu, Msukuma wa Mwamkulu, ana ng'ombe wengi na huruma nyingi kuliko ng'ombe. Alimwangalia jogoo wangu akasikitika kabisa.

"Mwanangu, huyu anaumwa. Hana manyoya huyu, ana nywele."

Nikamweleza kwamba ndivyo walivyo. Akaitikia kwa upole, kama unavyomwitikia mgonjwa anayesema hajambo.

Safari iliyofuata alishuka kwenye bodaboda na jogoo la kienyeji, jekundu, limefungwa miguu. Zawadi. Ya mama mkwe hukatai, wala huichinji. Nikapiga magoti nikashukuru, nikaingia jikoni kuchambua mchele. Yeye, kwa kutotaka kunisumbua, akalifungua akalitia bandani mwenyewe.

"Nimewapelekea mwanaume," aliniambia, huku ananawa mikono.

Jamani! Nilitoka mbio, ungo ukabaki chini. Jogoo wangu ana kishungi kinachomfunika macho, maskini, hata hakuona anapigwa na nani. Kesho yake asubuhi akafa. Nililia mbele ya mkwe, kwa ajili ya kuku, sikuona hata aibu. Naye akalia. Akanipa pole, akasema kumbe ugonjwa ulikuwa umefika mbali.

Likabaki tumaini moja. Tetea hubaki na mbegu ya jogoo kwa siku kadhaa, kwa hiyo huenda mayai mengine yalikuwa bado ya marehemu. Nikayaatamisha yote. Vifaranga walipoanza kuota manyoya ya mabawa nikawa nawakagua kila asubuhi, chai inapoa. Manyoya magumu. Mwingine, magumu. Mwingine tena. Mmoja tu ndiye aliyetoka mweupe, laini, kama pamba. Nilifurahi mpaka nikawatangazia majirani, ambao hawakujua wanipe hongera au pole.

Mama mkwe akaja kuona uzao wa jogoo lake. Aliyeleta mbegu lazima achague kifaranga chake, hilo halina mjadala.

"Sasa hawa ndio kuku!" alisema, anawapapasa wale wa manyoya magumu. Kisha akamwona wangu. Uso ukabadilika. "Huyu ameurithi. Atawaambukiza wenzake. Nipe mimi nikamtibu."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama simu yake. Nikamtoa kifaranga kwa mikono miwili, nikasema asante mama. Mkwe alipoondoka, niliyomwambia mume wangu siwezi kuyaandika hapa.

Miezi ikapita bila mimi kuthubutu kuuliza. Halafu siku moja akapiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, yule mgonjwa wako nilimnyonyoa manyoya yote, ili yaote mazuri."

Nikakaa chini pale pale uani.

"Yameota, mama?"

"Yameota."

"Yakoje?"

Nilisikia ng'ombe wake wanalia kwa nyuma.

"Yale yale ya ovyo. Nywele."

"Mabegani je? Hamna unjano?"

"Unjano wa nini? Meupe pe. Mbishi huyu, kama wewe. Na sasa ameanza kuwika, majirani wananicheka. Njoo umchukue."