Kumchagulia Mama Mkwe Kiti cha Ndege

Sababu ya safari yetu ilikuwa mimba. Anastazia, mdogo wa mke wangu, anaishi Kanada, na baada ya kungoja miaka mingi alipata ujauzito katika umri ambao madaktari wa kule waliona unahitaji uangalizi. Aliomba jambo moja tu: mama yake awepo. Mama huyo, yaani mama mkwe wangu, ni mkulima wa mihogo na maharage nje kidogo ya mji wa Kibondo, na mguu wake wa kushoto uliwahi kupata shida ya damu kuganda. Daktari aliyemwona hakumkataza kusafiri. Alisema tu, "Asikae mguu ukining'inia safari nzima. Alale, aunyooshe. Ukivimba sana, mtakuwa mmempelekea huyo binti mgonjwa wa kuuguza."

Mume wa Anastazia husafiri mno kikazi, na shirika la ndege humwekea alama ambazo zikikusanyika hugeuka tiketi. Alizitumia zote kwa ajili yetu: nafasi mbili daraja la biashara, ambako kiti hulala kikawa kitanda. Moja ya mama, nyingine ya mtu wa kumsindikiza. Mke wangu Domitila ni mwalimu, na darasa lake lilikuwa linakaribia mtihani. Basi nikateuliwa mimi, kwa kuwa Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi na redio, na kwa kuwa, kama alivyosema Domitila, "Kasulu nzima ni wewe tu unayesoma maandishi ya kwenye kiberiti."

Kasulu, wiki chache kabla ya kuondoka. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza umeme wa jua, na jioni nikishafunga duka nilikaa na simu nikisoma habari za viti. Nilidhani daraja likiwa moja viti navyo ni sawa. Si kweli. Ndege yetu kubwa ilikuwa na viti vinne kila safu: kimoja dirishani kushoto, viwili katikati, kimoja dirishani kulia. Safu ya mwisho iko jirani na jiko na choo, kwa hiyo mlango unagongwa na sahani zinalia njia nzima. Katika safu nyingi miguu ya msafiri huingia kwenye kijishimo chembamba chini ya meza ya aliye mbele, lakini katika safu ya kwanza, ambayo mbele yake ni ukuta, kijishimo ni kipana. Halafu kuna viti vya katikati. Katika safu fulani vimeachana, meza zikiwa baina yao. Katika nyingine vimesogezwa vikakutana.

Niliona jibu mara moja. Safu ya kwanza, katikati, viwili vilivyokutana. Mguu wa mama ungepata nafasi, nami ningeweza kumwinulia mto bila hata kusimama. Nilimwonyesha Domitila ramani. Alikuwa anasahihisha madaftari, akatupa jicho akasema, "Vizuri," akaendelea. Nikathibitisha.

Kibondo, siku ya kumchukua. Nilifika na gari la kukodi asubuhi, lami yote. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, amevaa kitenge kipya. Nilipiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha, nikasema, "Mwakeye," naye akaitikia akitazama pembeni. Kwa kawaida yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na hawatazamani sana usoni. Mjini wengi wamelegeza. Yeye hajalegeza. Niliwekewa kigoda uani, mbali naye.

"Huko ndani ya ndege," aliuliza, akiongea na ukuta, "wewe utakuwa upande gani?"

"Hapo hapo ubavuni, mama. Ukinyoosha mkono unanigusa."

Alikaza kitenge kiunoni.

"Haya," akasema.

Nilidhani anaogopa ndege. Nikamweleza jinsi ndege zilivyo salama, kwa kirefu, mpaka dereva akapiga honi.

Kigoma, kisha Dar es Salaam. Ndege ya kwanza haikumsumbua. Alitazama ziwa likibaki nyuma akasema, "Kumbe ni dogo." Dar tulikaribishwa kwenye ukumbi wa wasafiri wa daraja letu, palipojaa vyakula. Nilimpakulia wali na samaki, nikaketi mezani pake na sahani yangu. Hakugusa. "Nimeshiba," alisema. Tangu Kibondo alikuwa amekunywa chai tu.

Kutoka Dar hadi mji mmoja wa nchi za Ghuba, ambako tungebadilisha ndege, tulipewa viti vinavyoegemea tu, mimi upande huu wa njia, yeye upande ule. Alikaa wima, mikono mapajani. Chakula kilipita, akakirudisha. Tuliposhuka niliona kifundo cha mguu wake kimeanza kujaa. Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Mbele yetu kulikuwa na saa nyingi za kitanda.

Safu ya kwanza, katikati. Vilikuwa kama nilivyosoma: vipana, safi, vimekutana. Baada ya kupaa, wahudumu walishusha vifuniko vya madirisha ingawa nje ulikuwa mchana, na mmoja wao akaja na godoro jembamba na shuka. Alikuwa dada mrefu, na kwenye kifua chake palikuwa na jina Nekesa.

"Mama, nikutandikie ulale?" aliuliza kwa Kiswahili, na mimi nikafurahi kupita kiasi.

"Silali," alisema mama mkwe.

"Lakini mama, daktari alisema..." nilianza.

Hakunigeukia. Alimtazama Nekesa. "Mwanangu, mwambie huyo mwanamume kwamba mimi sina usingizi."

"Mama, mguu unavimba!"

"Mwambie ni mguu wangu."

Nekesa alinitazama, akamtazama yeye, shuka ingali mikononi. "Kwani huyu ni nani wako?"

"Ni mama mkwe wangu," nilisema.

"Woi!" Shuka ilimponyoka. "Na nani alichagua hizi viti?"

"Mimi. Nilisoma sana."

"Ulisoma nini? Kwetu Bungoma ungetozwa mbuzi. Unamlaza mama mkwe ubavuni pako, na shuka?"

Hapo mama mkwe alipata mtu wa kuongea naye, na maneno aliyoyafunga tangu Kibondo yakatoka. "Mwambie, mwanangu. Mtoto wa watu ni mwema, sikatai. Lakini tangu nyumbani ananiambia kitanda, kitanda. Kitanda chake, kitanda changu, vimegusana. Mimi ni mjane. Nitawaambia nini watu wa Kibondo?"

"Mama, ni vitanda viwili," nilisema kwa sauti ndogo.

"Mwambie hata viwe kumi. Ukuta uko wapi?"

Nekesa alibonyeza kitufe, na kigawanyo cha plastiki kikapanda katikati yetu. Mama mkwe alikipima kwa macho. Akabonyeza kitufe yeye mwenyewe. Kikashuka.

"Huo ni ukuta?" aliuliza.

Niliona mambo yote kwa mpigo mmoja: lile "haya" la Kibondo, sahani ya wali, mikono mapajani. Mama wa watu alikuwa hajala kwa sababu nilikuwa nakula mbele yake. Nilikuwa nimepanga hata kumwinulia mguu. Mguu wa mama mkwe! Kawaida hizo nazijua tangu utotoni, na uani kwake nazifuata bila kufikiri. Lakini kwenye ramani neno lilikuwa kiti, na kiti nilikihesabu kama chombo, kama ninavyohesabu betri na nyaya. Yeye alisikia neno kitanda, akaona chumba.

Nikainama nikatazama mguu wake. Kiatu kilikuwa kimeanza kumkata. Zilikuwa zimebaki saa nyingi kuliko tulizokwisha kaa.

"Dada," nilimwambia Nekesa, "nihamishe. Popote."

"Tumejaa. Ngoja nibembeleze mtu." Akapotea nyuma ya pazia. Mama mkwe na mimi tulibaki tukitazama ukuta wa mbele, kila mtu na kona yake, na sikumbuki kungoja kurefu kuliko kule.

Aliporudi alikuwa na bibi wa Kihindi, nywele nyeupe, sari ya kijani na soksi nene, anayekwenda kwa wajukuu. Alikuwa peke yake safu ya mwisho, ubavuni mwa choo, na hakuhitaji kubembelezwa sana. Bibi yule alimwinamia mama mkwe, akaunganisha viganja. Mama mkwe akampigia makofi taratibu. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Nilichukua begi langu nikaenda nyuma.

Safu ya mwisho ilikuwa kama nilivyosoma: mlango uligongwa, sahani zililia. Sikulala. Kila mara nilitamani kwenda mbele kuangalia mguu, na kila mara nilijizuia. Baada ya muda mrefu Nekesa alikuja na chai.

"Amekula," alisema. "Amemaliza hata mkate wa yule bibi."

"Na mguu?"

"Tumeuweka juu ya mito. Amelala. Amenituma nikwambie asante."

"Mungu mkubwa."

"Halafu nikwambie usije kuangalia."

Toronto, mchana. Kiatu cha kushoto kiliingia, kwa tabu kidogo, lakini kiliingia. Alikataa kiti cha magurudumu walichomletea mlangoni, akatembea mwenyewe, polepole, mpaka mahali Anastazia alipokuwa amesimama na tumbo lake. Nilibaki nyuma na mizigo. Mambo mengine ni ya mama na mtoto.

Mjukuu alizaliwa wakati sisi tungali pale, msichana, mwenye kilio kikubwa. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, mguu juu ya kiti, akiimba kwa Kiha mpaka muuguzi mmoja akaja kuuliza kama kuna tatizo. Daktari wa kule aliutazama mguu ule akasema hauna neno.

Kabla ya kurudi. Viti vya kurudia vilikuwa bado havijachaguliwa, na mume wa Anastazia akanipa kompyuta kwa heshima zote za mtaalamu. Safari hii sikusoma peke yangu. Nilikaa sebuleni, mama mkwe alikuwa jikoni na mtoto mapajani, Anastazia alisimama mlangoni akibeba maneno.

"Muulize anataka dirishani au katikati."

"Anasema dirishani. Anataka kuona nchi ikipita."

"Mwambie mimi nitakaa nyuma yake, nimsikie akiita."

Jikoni kulitoka maneno mengi. Anastazia alirudi akijizuia kucheka. "Anasema hapana. Ukikaa nyuma utapita njiani umwone amelala mdomo wazi. Ukae mbele, na usigeuke."

"Muulize pia kuhusu kula."

Safari hii ilikuja sauti ya mama mkwe mwenyewe, akiongea na mtoto kwa sauti ya kunifikia: "Baba yako mkubwa ameanza kuuliza maswali mazuri."

Nilichagua viti viwili vya dirishani, kimoja nyuma ya kingine, vile vinavyobana dirisha na kuacha meza upande wa njia, ili anayepita asimwone aliyelala. Ramani bado naiamini. Safu ya mwisho ni mbaya, na ya kwanza ni pana, na mtu mwenye mguu mbovu azingatie hayo. Ila sasa, kabla ya kuifungua, namuuliza atakayekalia anamtaka nani awe jirani yake, na kama hawezi kunijibu mimi, natafuta atakayebeba maneno.

Juu ya bahari, njia ya kurudi. Nilikuwa mbele na sikugeuka. Wahudumu walipita na sahani, na nikasikia kijiko chake kikifanya kazi bila kusita. Kisha kiti chake kikashuka kikawa kitanda, taratibu, na baada ya kitambo mama mkwe akaanza kukoroma, kwa nguvu, kama mtu aliye kwake. Nikachukua hedifoni nikazivaa. Si kwa ajili ya kelele. Haikunipasa kusikia.