Ratiba Niliyompangia Kaka Bila Kujua

Jamani, leo mjukuu wangu kaniuliza kwa nini sikusomea udaktari.

Sikilizeni. Maskati, mwaka sitini na tisa, tushahama Unguja. Kiangazi kile nilijipangia ratiba ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari Bombay: baiolojia baada ya alfajiri, kemia baada ya alasiri. Nikaibandika ukutani. Siku hizo hutoki Omani bila ruhusa ya Sultani.

Ami yetu akaja mbio. "Ruhusa ya kusafiri imetoka!"

Nikapiga vigelegele!

Ami akaisoma ratiba. "Mashaallah, umeipanga vizuri. Mpe kaka yako. Ruhusa ni yake."

"Na mie, ami?"

"We msomeshe."

Nikamsomesha kiangazi kizima, roho inaniuma. Akafaulu.

Mpaka leo watu huniita "dada yake daktari".

Nyie mngeitika?