Mtungi Niliouogopa

Akina mama wenzangu, someni haya, na asiyejua kusoma asomewe. Watu huniita Nyar Rusinga, binti wa kisiwa cha Rusinga, lakini niliolewa Masara, kwenye machimbo. Nimelea watoto tisa, nikaponda mawe ya dhahabu na mimba tumboni. Nilidhani hakuna wa kunifundisha kulea mtoto.

Msimu ule wa mvua ya Elnino, mjukuu wangu Akoth, wa miezi minne, alishikwa na mafua. Nikampaka mafuta ya samaki mbuta kifuani. Siku ya tatu akakataa ziwa. Kila akivuta pumzi mbavu zinazama, pua zinacheza, kifua kinalia kama paka. Mama yake, Atieno, mke wa mwanangu, akasema, "Mama, mimi naenda hospitali. Wewe baki na mafuta yako." Nikafuata nikinung'unika.

Daktari akamsikiliza mapafu. "Hivi ni virusi, mama. Sindano haisaidii. Vitaisha vyenyewe, lakini mtoto asichoke kupumua kabla havijaisha. Tutamsaidia na oksijeni."

Hospitali gani haichomi sindano? Tena wakaleta mtungi mrefu mweusi na mpira mwembamba wa puani. Kwetu tulijua: mtoto akiwekwa mtungi, tafuteni jeneza. Atieno alipoenda kufua nepi, nikachomoa ule mpira, nikambeba Akoth, nikatoka.

Sikufika langoni. Midomo yake iligeuka myeusi kama zambarau, hata kulia hawezi. Nikakimbia kurudi nikipiga nduru, "Rudisheni mpira! Rudisheni!"

Nesi akaurudisha. Polepole midomo ikapata rangi. Akanitazama. "Nyar Rusinga, safari ilikuwa fupi."

"Utanicheka kesho. Na wale waliokufa kwa mtungi?"

"Waliletwa wakiwa wamechoka tayari. Mtungi ukasingiziwa."

Nilimwambia Atieno mwenyewe nilichofanya. Siku mbili hakuniachia mtoto. Nilistahili.

Siku ya tano mpira ukatolewa. Akoth akanyonya kwa ulafi mpaka akatapika. Atieno akacheka, akanipa mtoto. "Mshike, Mama. Lakini hapa hapa, umekaa."

Leo Akoth anakimbiza kuku, ana kelele kama mimi. Namshukuru Mungu, nesi yule, na Atieno kuliko wote. Ukiona mbavu za mtoto zinazama, usibishane na mke wa mwanao. Nendeni. Na mtungi ukiletwa, mikono yako ishike mtoto, isiguse mpira.