Sakafu Niliyoifunika kwa Zulia

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka mikono hunitoka jasho. Ni miaka ya tisini, mimi ni kijana, karani bandarini, nimeoa karibuni, tunaishi Tudor na mamangu mzazi. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari langu kuukuu, nikiijaribu sakafu kwa bisibisi. Nyuma ya kiti cha dereva bisibisi ilizama mpaka mpini. Nilipoichomoa, kutu ilimwagika chini ya gari kama unga wa hina, na kupitia kile kitundu nikaiona ardhi ya uani.

Gari lenyewe lilikuwa la kusafiria na kulala humo humo. Lilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la mafiga mawili na kabati la vyombo. Mzungu mmoja mzee wa Kizingo aliliacha alipohama, likakaa miaka mingi karibu na bahari na chumvi ikalila. Mimi nikalivuta hadi uani kwetu, nikaapa mbele ya watu kwamba nitalifufua kwa mikono yangu. Nilikuwa na maneno mengi ujanani, Mungu anisamehe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chengo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kaloleni, mpole na mwenye maneno machache. Aliniambia tangu mwanzo, "Athmani, ukikuta pahali panapozama, usipafunike. Niite."

Sikumwita. Idd ilikuwa imebaki siku nne, na siku ya pili ya Idd nilikuwa nimeahidi kumpeleka mama Malindi akamwone dadake aliyekuwa mgonjwa. Mama alikuwa ameshashona mapazia ya madirisha, amefunga na kanga za zawadi. Shemeji zangu nao walikuwa wakinicheka kila wakipita, wakiniuliza kama lile gari litaondoka wao wakiwa hai. Kukata sakafu ile na kutia bati jipya kungechukua wiki nyingi. Basi nikachukua ubao mwembamba wa plaiwudi, nikaulaza juu ya uozo, nikapaka gundi, nikatandika zulia jekundu. Likapendeza, wallahi.

Mzee Chengo alipokuja kutazama, alizunguka gari, akagonga milango, kisha akaniuliza, "Na sakafu?"

"Nzima, mzee."

Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akaondoka.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Mke wangu Rukia akiingia garini kupanga vyombo, mimi husimama mlangoni roho mkononi, nikihesabu hatua zake, na akitoka ndipo napumua. Nilijiambia ubao utashika. Tukienda na kurudi salama, nitamwita fundi kimya kimya na hapana atakayejua. Mwanangu, hofu ya namna hiyo ni mbaya, maana huwezi kumwambia mtu akakupoza.

Ilipofika Idd, alasiri, mama akasema kabla ya safari ya kesho tukapunge upepo Mama Ngina, kule ufukweni. Nikamfungulia mlango, nikampa mkono akapanda, akakaa nyuma na Rukia kwenye ukingo wa kitanda. Njia nzima niliendesha nikisikiliza sauti za chini. Kila tulipokanyaga shimo, mgongo wangu ulikaza.

Mama Ngina ilijaa watu siku hiyo. Watoto na nguo mpya, moshi wa mihogo ya kuchoma, magari yakienda mwendo wa kobe. Mama akainuka aone bahari vizuri kupitia dirisha la upande wangu. Nikasikia mlio, kama mtu anayepasua gunia. Kisha Rukia akapiga ukelele.

Nilikanyaga breki. Sikuthubutu kugeuka. Nakwambia kweli, kwa muda mfupi nilishikilia usukani tu, kwa sababu nilijua nitakachokiona. Nilipogeuka, mama alikuwa amezama mguu mmoja mpaka pajani. Amemshika Rukia shingo, midomo yake myeupe, wala halii. Watu wakaja mbio. Nilipoingia chini ya gari niliuona mguu wake ukining'inia juu ya lami, na bati lililooza limemkata kuanzia goti hadi karibu na kifundo.

Kesho saa kama ile tungekuwa barabara ya Malindi, gari limechanganya mwendo.

Hospitalini walimsafisha, wakamshona, wakamdunga sindano. Daktari akanivuta kando akaniambia kidonda cha kutu na uchafu wa barabarani kinaweza kuleta pepopunda. Tumtazame siku nyingi. Taya zikikaza, au kumeza kukiwa kugumu, tumrudishe mara moja.

Ndipo hofu ikahamia mezani kwetu. Mama akila, mimi hutazama taya zake. Akipiga miayo, moyo hunipasuka.

"Athmani, mbona wanitazama nikitafuna?" aliniuliza akicheka. Na wageni wakija kumjulia hali aliwaambia, "Msimlaumu mwanangu, hakujua." Neno hilo lilinichoma kuliko lawama zote.

Siku ya sita, asubuhi, akaniambia shingo yamuuma, haigeuki. Nilikwenda nyuma ya mlango wa jikoni nikashika ukuta. Tulimkimbiza hospitali, wakampima, wakasema amelalia mto vibaya. Tukarudi nyumbani, na hapo nikaona siwezi tena. Nikaketi kwenye mkeka mbele yake.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sakafu. Nilijua imeoza. Nikaifunika."

Akaweka kikombe chini. "Ulijua, ukanipa mkono nipande?"

"Nilijua."

"Uliogopa nini hata usiseme?"

"Niliogopa watu kuniona nimeshindwa."

Akasema, taratibu, "Basi mimi hukuniogopea?"

Mwanangu, nimepigwa na nimetukanwa katika maisha yangu, lakini sijapata kuumia kama siku ile. Nililia mbele ya mke wangu kama mtoto mchanga. Mama akaniacha nilie, kisha akanituma, "Nenda ukamwambie Chengo pia."

Nilikwenda. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, mikono imeshika miwani yake ya kazi. "Nilipokuuliza, macho yako yalinikimbia," akasema. "Nikanyamaza kwa kuwa gari si langu. Hilo ni kosa langu, nitamwomba mamako radhi. Lako ni lako."

Tuliikata sakafu yote, tukaijenga upya, kazi ya miezi mitano. Mguu wa mama ulipona, ukabaki na kovu refu. Alikwenda Malindi kwa basi, akamkuta dadake yu hai, alhamdulillahi. Nami gari lilipokamilika nilimfungulia mlango. Akanishika bega, akaniambia, "Nimekusamehe, Athmani, na Mungu ni shahidi. Lakini gari lako sipandi." Hakulipanda mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nakuusia. Ukijua pahali palipooza, iwe katika kazi yako, nyumba yako au ndoa yako, sema kabla mtu hajaweka mguu. Utaona haya, ndiyo, na watakaokucheka watakucheka. Haya hupita. Na ukimwuliza mtu ukaona macho yake yanakukimbia, usiseme si lako, mwulize tena. Msamaha unaweza kuupata kama nilivyoupata mimi, ila imani ya mtu haikurudii kwa sababu tu umesamehewa.

Mungu akupe ulimi wa kukiri mapema, akuhifadhie walio nyuma yako, wala asikuonyeshe nilichokiona chini ya lile gari. Amina.