Mzee Chokaa na Picha Ndefu ya Uwanja

Kazi yangu ni kupiga picha ndefu za viwanja vya michezo, zile unazoziona zimetundikwa kwenye kuta za ofisi za vilabu: uwanja mzima kutoka kona hadi kona, majukwaa yamejaa, nyasi zimetulia kama mkeka uliotandikwa sasa hivi. Watu hudhani ipo kamera yenye jicho pana kiasi hicho. Haipo. Ninapanda juu kabisa ya jukwaa, nasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, napiga kipande, naizungusha kidogo, napiga kingine, na kila kipande kinaingia theluthi moja ndani ya mwenzake. Vipande ishirini na vinne, dakika moja na nusu. Nikifika nyumbani kompyuta inavishona pamoja, nami nakaa siku mbili nikisafisha mishono.

Mishono ndiyo kazi yenyewe. Aliyekaa kitini hana matata. Anayetembea ndiye adui yangu, maana katika kipande hiki yuko hapa, katika kinachofuata kashafika kule, na kompyuta haijui imchukue yupi. Itampa kichwa bila miguu, au itamrudia mara mbili. Watu wa namna hiyo sisi mafundi tunawafuta. Unachukua nyasi za pembeni, unazipaka juu yake, kwisha habari yake. Sikuwahi kuona ubaya wowote, kwa sababu watu wenyewe sikuwa nawajua.

Isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mjomba wangu.

Mjomba, mdogo wake mama, alipiga chokaa mistari ya uwanja mkubwa wa mji wetu kwa miaka ishirini na tisa. Pale uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Chokaa, na jina lilimkaa vizuri, maana hata kwenye harusi ya dada yangu alikuja na weupe ndani ya kucha. Alikuwa na kitoroli cha gurudumu moja chenye sanduku la chokaa, kamba ya kunyooshea, na vigingi viwili alivyovichonga mwenyewe. Wachezaji wakishapasha misuli moto na kuikanyagakanyaga mistari, yeye huingia kuirudia kabla mpira haujaanza. Na dakika hizo hizo ndizo ninazozitaka mimi, watu wameshajaa, wachezaji wametoka, uwanja u mtupu. Mtupu, lakini na mjomba ndani yake.

Ni yeye aliyenitafutia kazi hiyo. Nilikuwa napiga picha za pasipoti katika chumba kisicho na dirisha, akaenda kwa meneja wa uwanja akamwambia anamfahamu fundi mmoja mzuri wa kamera. Hakusema fundi mwenyewe ni mpwa wake. Hakutaka watu waseme Mzee Chokaa anajaza uwanja ndugu zake. Nami nikashukuru, nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa kituko. Mjomba alikuwa akitembea upande ule ule inakozungukia kamera, kwa mwendo ule ule, kwa hiyo vipande vitano mfululizo vilimkuta. Kompyuta iliposhona, wakatokea akina mjomba watano kwenye mstari mmoja, wote wameinama, kila mmoja na kitoroli chake. Sikuwa nimejifunza kufuta, nikaipeleka hivyo hivyo. Meneja alicheka mpaka akavua miwani.

"Umenipigia mzee mmoja au ukoo mzima?" akauliza, na ofisi yote ikaangua kicheko.

Nikacheka nao. Hapo ndipo ningesema kwamba ukoo huo ni wangu. Nilikuwa na shati jipya na nilikuwa naitaka kazi, basi nikacheka tu, na nadhani nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wao.

Mjomba alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Akasema kama wako watano, basi wanne wapewe likizo, mmoja abaki apige chokaa. Aliomba aione. Nilikuwa nimeshaitupa.

Tangu siku hiyo nilimfuta kila mara. Kwa miaka kumi na mmoja nilipiga uwanja ule picha thelathini na kitu, na katika kila moja nilimpaka nyasi mdogo wake mama yangu, tena kwa uangalifu mkubwa. Na kila picha ikitoka yeye alikuwa na swali moja tu: nimo? Nami nilikuwa na jibu moja, umo, mjomba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Yangu ilirefushwa na macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumla macho yote mawili, na katika picha ndefu mtu ni mdogo kama punje ya mchele. Mistari aliinyoosha kwa kamba na kwa mazoea. Alikuwa haioni tena, ila alijua ilipo.

Alipostaafu, meneja aliagiza picha yangu ya fainali ya mwaka ule ichapwe kwa urefu wa mita sita na kutundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Wakafanya kasherehe, soda na hotuba mbili. Mjomba alikuja na koti alilolishonesha kwa siku hiyo. Zilipokwisha hotuba, alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akageuka, akasema mbele ya watu wote, "Mpwa wangu, njoo unioneshe nilipo."

Niliona meneja akinigeukia. Mpwa? Nilitamani sakafu ipasuke, na aibu hiyo ya kijinga, aibu ya kujulikana kuwa ni ndugu yake, ndiyo inayoniuma mpaka leo kuliko hata yaliyofuata. Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye nyasi tupu karibu na mstari wa pembeni, nikamwambia yupo hapo. Watu wakapiga makofi. Nani ataangalia punje moja ya mchele katikati ya gunia?

Mkewe aliangalia. Mke wa mjomba mimi humwita mama, kwa sababu likizo zote za shule nilizimaliza jikoni kwake. Alingoja watu watawanyike kwenye soda.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "mimi macho yangu hayana ugonjwa."

Kisha akanieleza kwamba daktari ameshapanga siku ya kumpasua mjomba, wiki sita zijazo. Yeye hatasema neno. Alitaka niseme mwenyewe, kabla mwenye macho hajajionea.

Wiki sita si haba kwa mtu mwenye sentensi moja tu ya kusema. Jumapili ya kwanza nilikuta wageni. Ya pili nikamkuta mjomba akimsimulia jirani jinsi alivyotokea kwenye picha, ameshika kitoroli, mgongo umenyooka, na furaha ile ikanifunga mdomo. Ya tatu hakukuwa na mgeni wala jirani. Nikamtengenezea redio yake nikaondoka. Katikati ya wiki nilifukua diski zote nilizo nazo nikitafuta vipande vya zamani. Vipande hujaza diski, na mimi nikishashona huvitupa, kwa hiyo sikupata hata kiwiko chake. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshaanza kutambaa. Jumapili tatu zilizobaki sikwenda kabisa. Nilimpigia simu mama nikasema nina kazi nyingi, naye akajibu, "Haya," akakata.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku walipomfungua macho, mjomba alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akamtania kwamba kumbe ameoa tena, na safari hii mwanamke mzee, halafu akasema sasa apelekwe kwenye picha yake. Mama akanitazama mimi. Nikamchukua.

Pale ukumbini hakuwa na haraka. Alianzia mwisho wa kushoto, akaufuata mstari wa pembeni kwa kidole bila kukigusisha kioo, hatua kwa hatua, kama anavyokagua kazi yake. Alipita pale nilipomwonesha siku ile, hakusimama. Alisimama hatua mbili mbele.

"Chokaa mbichi imeishia hapa," akasema. "Kutoka hapa kwenda kule ni ile ya wiki iliyotangulia. Basi nilikuwa hapa."

Nikaangalia. Kweli, mstari ulikuwa mweupe pepe, kisha ghafla ukawa hafifu, na pale weupe ulipokatikia kulikuwa na nyasi nilizozipaka mimi, safi, hazina hata mshono. Niliitazama picha hiyo mara mia na sikuwahi kuliona jambo hilo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa fundi mbovu.

Nikamwambia. Nilimweleza yote, ya wale watano, ya kicheko, na ya kila "umo" niliyomjibu. Kama alikasirika, hakunionesha. Aliuliza tu picha moja huchukua muda gani kupiga, nikamwambia dakika moja na nusu.

"Na mtu akisimama pale pale dakika hiyo moja na nusu, anatoka?"

"Anatoka vizuri kabisa, mjomba."

"Ungeniita," akasema. "Ningesimama."

Ningemwambia nini? Kwamba toka juu ya jukwaa ningelazimika kupaza sauti, sauti ifike mpaka dirisha la ofisi, na neno ambalo lingenitoka kinywani ni mjomba? Nikaanza kubabaika kwamba kamera ninayo kwenye gari, kitoroli chake najua kipo stoo, tushuke sasa hivi nimpige peke yake, nimpige watano, nimpige kumi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema mtu asiye na kazi akisimama katikati ya uwanja na kitoroli anaigiza tu, na yeye hakuwa mwigizaji, alikuwa mpiga chokaa. Akaniomba nimrudishe nyumbani.

Mjomba ametutoka mwaka wa tatu sasa. Picha bado iko pale pale, na meneja huwasifia wageni kwamba imetoka safi, haina hata doa moja. Nikiwapo huwaambia kwa sauti kwamba hapo, chokaa mbichi ilipoishia, alikuwapo mjomba wangu. Wageni husogea karibu kwa adabu, wakaangalia nyasi.